Gari la Wagonjwa Lilikuwa la Nani? Kufuatilia Umiliki wa Land Rover za Zamani Masasi na Newala

Anayetaka kujua Land Rover ya wagonjwa iliyopandishwa juu ya mawe nyuma ya zahanati ilikuwa ya nani huanza kwa kuuliza nani aliiuza na nani aliinunua. Kwenye uwanda wa Makonde swali hilo halimfikishi mbali. Huku, gari la wagonjwa liliweza kubadilisha mwenyewe mara tatu au nne bila kuuzwa na bila kuhama banda lake. Kanisa liligawa majimbo, serikali ikafuta halmashauri kisha ikazirudisha, wilaya zikakatwa, mradi wa wafadhili ukafikia ukomo. Kwa hiyo anayefuatilia umiliki wa gari kama hilo hana budi kufuatilia taasisi kwanza, na wauzaji baadaye.

Jiografia yenyewe inaeleza kwa nini magari haya yalithaminiwa. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, na mtu akisimama pale analiona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Katikati kuna mteremko mkali, na huko juu ardhi ni ya mchanga unaomeza maji yote ya mvua, ndiyo maana kwa vizazi vingi watu waliteremka bondeni kuchota maji na kuyapandisha kichwani. Mgonjwa aliyezidiwa naye aliteremshwa hivyo hivyo, kwenye machela, mabegani mwa ndugu zake.

Hospitali zilizomsubiri huko chini kwa miaka mingi zilikuwa za misheni. UMCA, misheni ya Kianglikana, ilifika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianza Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alianza kazi Lulindi, katika hospitali iliyojengwa kwa miti, udongo na nyasi. Daktari huyohuyo alihamia Mnero, upande wa Nachingwea, mwaka 1949, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Faili za hospitali hizi ndizo mahali pa kwanza pa kutafuta jina la mmiliki.

Lakini kabla ya faili, gari lenyewe linasema mengi.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza. Kila moja ilitoka na namba ya chesisi. Kwenye matoleo ya kuanzia mwaka 1958, namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha chesisi mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Fundi hukwangua tope na grisi kwa brashi ya waya, akafuta kwa petroli kidogo, akasugua chaki juu yake, na tarakimu zikajitokeza. Kwenye toleo la IIA, lililotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, tarakimu tatu za mwanzo hutaja aina ya gari. Namba inayoanza na 252, kwa mfano, ni Land Rover ndefu ya petroli, usukani kulia, iliyokusudiwa kuuzwa nje ya Uingereza. Mtu aliyeambiwa kwamba gari lilikuwa pikapu ya shambani nchini Uingereza, kisha akasoma 252, ana sababu ya kuuliza upya.

Namba hiyo ina faida nyingine. Vitabu vya kiwanda vimehifadhiwa Gaydon, Uingereza, kwenye makumbusho ya magari ya nchi hiyo, na kwa malipo wanatoa cheti kinachotaja tarehe gari lilipokamilika na mahali lilipopelekwa kwanza. Bodi nayo ina chimbuko lake. Land Rover nyingi za wagonjwa zilitoka Solihull zikiwa nusu tu, kisha makampuni kama Marshall ya Cambridge au Herbert Lomas yakazijengea chumba cha machela. Kibati cha kampuni iliyojenga bodi, kikikutwa ndani ya mlango wa nyuma, kinathibitisha kwamba gari lilizaliwa likiwa la wagonjwa, halikugeuzwa kutoka gari la mizigo.

Kisha kuna rangi. Fundi mvumilivu hulowanisha msasa laini na kusugua mlangoni sehemu ndogo, akikandamiza zaidi katikati, mpaka tabaka zote zijipange kwa duara, ya juu ikiwa nje na ya kwanza kabisa ikiwa katikati. Hapo ndipo msalaba mwekundu uliofunikwa unapoanza kuonekana, au herufi za jina la jimbo au wilaya. Kazi hii isifanywe kwa pupa. Rangi ikishakwanguliwa yote, ushahidi umekwenda nayo.

Sasa zije taasisi, na hapa ndipo penye utamu na ugumu wa kazi yenyewe.

Chukua upande wa Waanglikana. Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, Askofu wake wa kwanza akiwa Vincent Lucas. Kati ya 1960 na 1968 iliongozwa na Trevor Huddleston, aliyejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1965, UMCA iliungana na shirika jingine la misheni likazaliwa USPG. Gari lililonunuliwa kwa michango ya Waingereza kabla ya hapo liliandikwa kwa jina moja, na barua za baadaye zinalitaja kwa jina jingine. Hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi mjini, ilianzia mikononi mwa misheni na leo ni ya serikali. Dayosisi nayo imegawanyika, Newala ikapata yake. Tena, kanisa humiliki mali kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, kwa hiyo anayetafuta jina la padri au la daktari kwenye kadi ya gari atatafuta bure.

Upande wa Wakatoliki, Masasi na Newala zilikuwa chini ya abasia ya Ndanda mpaka mwaka 1972, Jimbo la Mtwara lilipoundwa. Ilibidi mali zilizokuwa za watawa zitenganishwe na zile za jimbo.

Mwaka huohuo wa 1972 serikali ilileta madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na gari la wagonjwa lililokuwa mali ya halmashauri ya Newala au Masasi likawa chini ya mkoa. Mwaka 1984 halmashauri zikarudi, na mali nazo zikarudi. Mwaka 1995 Tandahimba ikakatwa kutoka Newala, na muongo uliofuata Nanyumbu ikatoka Masasi. Kila mgawanyo ulikuwa na orodha ya makabidhiano, na orodha hizo ndizo hati muhimu kuliko mkataba wowote wa mauziano.

Mchunguzi akikuta pengo katika kumbukumbu za miaka ya 1964 hadi 1974, asisahau kwamba ule ulikuwa wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Majeruhi walivushwa Ruvuma, na FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, kilikuwa na hospitali yake Mtwara. Miaka ya baadaye kulikuja miradi ya wafadhili, mkubwa ukiwa RIPS wa Finland, uliofanya kazi Lindi na Mtwara mpaka katikati ya miaka ya 2000. Magari ya miradi huvaa namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili. Mradi ukiisha na gari likikabidhiwa halmashauri, namba hugeuka kuwa SM, yaani ya serikali za mitaa, na likiuzwa kwa mnada huvaa namba ya kiraia. Picha ya zamani inayoonesha kibao cha namba, hata nusu tu, inaweza kuokoa wiki nzima ya kutafuta.

Kumbukumbu za usajili ziko kwa Mamlaka ya Mapato, ambayo ilianza kazi mwaka 1996. Mambo ya kabla ya hapo yatafutwe kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwenye matangazo ya minada, na kwenye faili za wilaya. Nyaraka za UMCA ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian, na jarida lao la Central Africa lilitoka kuanzia 1883 hadi 1964, likiwaeleza wafadhili habari za misheni na mahitaji yake. Lakini hakuna hati inayozidi daftari la safari la dereva: tarehe, kilomita, mahali, lita za mafuta, sahihi. Daftari moja linaonesha nani alimwagiza dereva, na mwenye kuagiza ndiye aliyekuwa na gari.

Tahadhari moja kuhusu injini. Spea zilipokuwa adimu, na barabara ya Dar es Salaam ikikatwa na mto Rufiji kila masika kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mafundi walihamisha injini kutoka gari moja kwenda jingine. Namba ya injini isiyolingana na kadi haithibitishi wizi. Mara nyingi inathibitisha ustadi wa mafundi waliokataa gari la wagonjwa lisimame.

Mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 kwenye tamasha lao, na watu walizishangilia. Wakati huohuo, mabaki yaliyosimama nyuma ya zahanati yanawindwa na wanunuzi wa chuma chakavu, maana bodi ya Land Rover ni ya alumini, na alumini inayeyushwa ikawa sufuria. Makatibu wa hospitali, maofisa ugavi wa halmashauri na wahasibu wa majimbo wana uwezo wa kuokoa historia hii kwa jioni moja. Kabla ya mnada, nakilini namba ya chesisi ya gari, pigeni picha kibati na rangi, andikeni majina ya madereva wastaafu walioliendesha, na madaftari ya safari yapelekeni kwenye nyaraka za taifa badala ya kuyachoma pamoja na takataka za ofisi.