Jirani Asiyekata Tiketi

Mgeni wa kwanza wa tamasha lolote ni yule asiyekata tiketi. Ni mama anayelala nyuma ya ukuta, ni muuguzi wa Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe aliyetoka zamu amechoka, ni mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege anayeamka alfajiri. Mimi ni mkazi wa Kanombe jijini Kigali, na kazi yangu ni kuandaa masoko ya wikendi, matamasha madogo ya mtaani na usiku wa muziki katika bustani za mikahawa. Vijana wakiniuliza kazi hii huanzia wapi, hutarajia nitaje wasanii na spika. Mimi huanza na majirani, kwa sababu wao ndio huamua kama mwezi ujao utakaribishwa tena.

Kigali imetufungulia nafasi ambazo kaka zetu hawakuwa nazo. Mwaka 2015 Jiji lilizuia magari katika barabara moja ya katikati ya mji, na mwaka 2022 ikarudi na sura mpya na jina la Imbuga City Walk. Mwaka 2021, wakati wa korona, mitaa ya Biryogo kule Nyamirambo ilifungwa kwa magari ili migahawa itoe meza nje. Watu wakazoea kunywa chai na kula juu ya lami iliyopakwa rangi. Upande wetu huu, Remera ina BK Arena, iliyofunguliwa Agosti 2019 ikiwa na nafasi ya watu 10,000, na uwanja wa Amahoro uliofunguliwa tena mwaka 2024 ukiwa na viti 45,000. Umati unaotoka huko usiku una njaa na bado haujataka kulala. Waandaaji wadogo tunapata riziki hapo.

Kalenda kabla ya jukwaa

Ukitaka kudumu katika kazi hii Rwanda, jifunze kwanza kalenda ya nchi. Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari, inayoanza Aprili 7, haina burudani, na hakuna mwandaaji mwenye akili anayepanga sherehe karibu nayo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda: asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa, gari lako la viti na mahema halitembei. Wikendi hiyo nasimamisha mahema Ijumaa jioni, au nasubiri hadi saa tano asubuhi ya Jumamosi.

Kisha kuna saa za kufunga. Serikali iliamua kwamba kuanzia Septemba 1, 2023, baa, mikahawa na klabu zifunge saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Wenzangu wengi walilalamika. Mimi naona uamuzi ule ulitufundisha kuanza mapema. Muziki ukianza saa kumi jioni, baba huja na watoto, shangazi hununua vikapu, na mapato ya chakula huingia kabla giza halijatanda.

Moshi, foleni na bonde

Chukua soko la Jumamosi pale Kabeza. Jiko la brosheti, yaani mishikaki, naliweka mwisho kabisa wa uwanja, kule upepo unakoelekea, moshi usiingie kwenye vitenge. Kuna sababu nyingine pia. Brosheti za mbuzi huchukua muda kuiva, na aliyekwisha kuagiza huwa hakai bure. Atapita kwenye meza ya asali, ataonja kahawa, atapima viatu. Jiko likikaa mlangoni, mteja anakula na kuondoka, na wauzaji wa ndani wanarudi nyumbani na mizigo yao.

Sauti ndiyo kazi ngumu zaidi. Mji wetu ni wa vilima, na sauti huvuka bonde. Spika ukiielekeza bondeni, watu wa kilima cha pili watasikia kila neno la mshereheshaji. Kwa hiyo natumia spika ndogo kadhaa karibu na wasikilizaji, nazielekeza kwenye mlima, na besi naishusha, kwa sababu ndiyo inayopenya kuta. Kabla ya wageni kufika, fundi mitambo anapiga wimbo mmoja nami natembea hadi kwenye mageti ya jirani kusikiliza.

Kwenye geti moja, bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hiyo ngoma mtaizima saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, mama."

"Basi saa tatu na nusu nitakuwa nimesimama hapa hapa."

Nilimwachia namba yangu ya simu na ya fundi. Muziki ulizimwa saa tatu na nusu kamili. Katika soko lililofuata, mjukuu wake alichukua meza ya maparachichi.

Fedha na subira

Mapato hutoka sehemu tatu: kodi ya meza, viingilio na wadhamini. Kodi ya meza iwe ndogo, kwani muuzaji akipata hasara hatarudi, na soko bila wauzaji ni uwanja mtupu. Mdhamini anataka mkataba na risiti ya EBM, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, basi sajili biashara yako mapema. Usimtegemee mmoja. Hata tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, linalofanyika tangu 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha.

Wapo waliotutangulia wa kuwatazama. Mwanamuziki Mighty Popo alianzisha tamasha la Kigali Up mwaka 2011, kisha akaongoza shule ya muziki ya Nyundo, ambako wapigaji wengi wa leo wamefundwa. Hope Azeda wa kikundi cha sanaa cha Mashirika alianzisha Ubumuntu mwaka 2015, tamasha la sanaa linalofanyika Julai kwenye eneo la Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi. Wote wawili walijua wazi tamasha lao linataka kumfanyia nini mtu wa nchi hii, ndipo wakajenga jukwaa.

Wewe unayetaka kuanza, usikope pesa za kumleta msanii mkubwa. Omba kazi ya kupanga viti katika tamasha la mwingine, kisha kusimamia geti, kisha kuhesabu mapato ya usiku. Jifunze umeme, maji, vyoo na taka, kwa kuwa mgeni husamehe msanii aliyechelewa, lakini hasamehe choo kichafu. Ukiwa tayari, tafuta uwanja mmoja, nenda kwa mkuu wa umudugudu, yaani kijiji, kabla hujaenda kwa mdhamini, na pita nyumba kwa nyumba ukisema jina lako na saa utakayofunga. Saa hiyo ikifika, funga. Kibali cha pili hupatikana kwa jinsi ulivyokitumia cha kwanza.