Maisha ya mgeni Rufiji: rahisi kwa nani?

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua ya kijana mmoja kutoka Ulaya, mtafiti wa mikoko. Anataka kukaa mwaka mzima katika delta ya Rufiji, na fedha alizo nazo si nyingi. Ananiuliza, kwa Kiswahili kizuri kabisa, atumie kiasi gani kwa mwezi. Amesikia kwamba nina ndugu huko. Nimeona nimjibu hapa hapa, kwani jibu lake linawahusu pia wenzetu wa Dar es Salaam wanaokwenda kule kikazi.

Kwanza, bwana, tofautisha Kibiti na delta. Kibiti iko barabarani. Unapanda basi asubuhi Mbagala Rangi Tatu, na kabla ya adhuhuri umefika. Umeme upo, soko lipo, vyumba vya kupanga vipo. Mwenye nyumba akikutajia kodi kwa dola, mkumbushe kwa adabu kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Muhogo, nazi, samaki na mchele ni vyakula vya pale pale, na mwishoni mwa mwaka maembe hujaa kila kona. Mgeni anayelalamika kwamba Kibiti ni ghali, mwulize anakula nini. Mara nyingi utakuta anaagiza jibini kutoka Dar.

Delta yenyewe ni habari nyingine. Kule kuna zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na barabara ni maji. Hapo petroli ndiyo itakayomaliza fedha zako, wala si chakula. Ukienda Nyamisati ukakodi boti peke yako, utalipia mafuta ya kwenda na ya kurudi, na nahodha akikusubiri utalipia na kusubiri kwake. Ukipanda chombo cha abiria pamoja na akina mama na magunia yao, utalipa nauli tu. Lakini chombo hicho hakiondoki kwa saa yako. Huondoka maji yakijaa. Kwa hiyo jifunze kuhesabu mwezi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, katikati yake ni maji mafu, na vijito vingine havipati kina cha kutosha. Asiyejua hesabu hii hukwama kwenye tope saa nyingi, jua likimchoma na mafuta yamekwisha.

Maji ya kunywa nayo yana bei yake. Baada ya mafuriko ya 1978 mto uliegemea upande wa kaskazini wa delta, na huko watu wakapata maji baridi na mashamba ya mpunga. Upande wa kusini chumvi ni nyingi zaidi. Uliza kabla ya kuchagua kijiji, maana kununua maji kwa madumu mwaka mzima si mchezo.

Kuna wageni waliowahi kuishi humo bila kulipa kodi yoyote, nao ni mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta tangu 1914 hadi ilipozamishwa tarehe 11 Julai 1915. Walikuwa na mizinga mikubwa, lakini malaria iliwaangusha wengi. Wewe nunua chandarua chenye dawa kabla hujanunua kitu kingine.

Vibali visikusahaulishe. Mtafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha mkoa, wilaya na kijiji, na kibali cha ukaazi kina ada yake. Wala usidhani utajazia pengo kwa kibiashara kidogo. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa, pamoja na kutuma fedha kwa simu na kununua mazao shambani.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nijibu hadharani. Mwaka juzi shangazi yangu, anayeishi katika kijiji kimoja cha delta, alikuwa na mjukuu aliyeshikwa na homa kali. Boti yenye injini ilikuwa moja tu, nayo imefungwa kwenye mti wa mkoko, haina kazi. Nahodha alimwambia, "Shangazi, samahani, mgeni kaikodi kutwa." Mgeni alikuwa amelipa mara tatu ya bei ya kawaida bila kuuliza, na alikuwa msituni akipima miti. Yeye mwenyewe hakujua lolote. Mtoto alisubiri mpaka jioni, maji yalipojaa tena, ndipo akapelekwa. Alipona. Lakini tangu siku ile bei ya boti kijijini haikurudi ilipokuwa, na wenyeji ndio wanaoilipa.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukifika kijijini nenda kwa afisa mtendaji, uliza wenyeji wanalipa kiasi gani, nawe ulipe hicho hicho na nyongeza ya haki kwa usumbufu. Kisha mwambie nahodha mapema, mbele ya watu, kwamba akitokea mgonjwa boti ni ya mgonjwa, nawe utarudi kwa maji yanayofuata.