Kazi ya kompyuta kule Nairobi: wanayoipenda na wanayoilalamikia

Siku ya Mungu moja, kisha misa, tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya mwenzetu hapa Punia. Tulikuwa tunahesabu mchango wa muchimbaji mumoja aliyeangukiwa na udongo. Kijana mumoja, mutoto wa muchimbaji, akatukatiza: « Ba papa, kila siku ninyi paka shimo, shimo. Miye sitaki shimo. Nataka kazi ya ordinatere kama ya kule Nairobi. Batu banaikala mu kivuli, mushahara unakuya kila mwezi, hakuna mwenye kufa. Banahitaji sendika ya nini? »

Watu wakacheka. Lakini siye wa sendika hatukuwa na jibu. Tunajua bei ya kilo, tunajua mbao za kushikilia shimo, tunajua ginsi négociant anavyoongea akitaka kukupunguzia. Kazi ya kuandika programu hatukuijua. Basi tukatafuta. Tukasoma yale wafanyakazi wenyewe wamesema, na yale yaliyofika mbele ya mahakama ya Kenya. Haya njo tuliyoyapata, na tunayaleta kwa wababa na wamama wote wenye watoto wanaoota ndoto kama ya yule kijana.

Kwanza, hatuko wageni kabisa katika mambo haya. Kasiterite inayotoka Kasese na kwingine Punia inayeyushwa inakuwa étain, na sehemu kubwa ya étain ya dunia inatumika kuunganisha vyuma vidogo ndani ya simu na kompyuta. Wazee na vijana wanakumbuka Septemba 2010: serikali ilifunga uchimbaji wote wa mikono Maniema na Kivu zote mbili, mpaka Machi 2011. Mwaka ule ule wa 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha masosiete yao kusema madini yao yanatoka wapi. Njaa ya miezi ile ilifika mu nyumba zetu juu ya mambo ya zile zile mashini ambazo leo watoto wetu wanazitamani.

Tuanze na sosiete moja iliyokua mbio, Andela. Ilizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikafungua Nairobi, kisha ikafika Kampala na Kigali. Kazi yake: kuchukua vijana wa Afrika wenye akili, kuwafundisha kuandika programu, na kuwaweka watumikie masosiete ya Marekani bila kutoka kwao. Sosiete yenyewe ilisema kwamba kati ya watu mia wanaoomba, haingii hata mumoja. Kijana akiingia, alifunga ahadi ya miaka 4.

Wanachoipendea kilikuwa wazi. Walilipwa huku wanajifunza. Walipewa kompyuta, bima ya matunzo, chakula kazini, na musaada wa nyumba. Walitumika pamoja na wenzao wa Marekani kwa kazi ile ile. Wengi waliotoka mule wanasema mpaka leo kwamba ile ilikuwa shule yao ya kweli, na wengine wamefungua masosiete yao wenyewe. Hatutaki kudharau jambo hilo. Kijana asiye na baba mukubwa mu leta, anapewa nafasi kwa akili yake peke yake: hapa kwetu tumeona hivyo mara ngapi?

Lakini angalia tarehe. Januari 2019, Andela ilipata dola milioni 100 kwa wenye mitaji, wakiongozwa na mufuko mumoja unaosimamiwa na Al Gore, aliyekuwa makamu wa raisi wa Marekani. Septemba mwaka ule ule, ikafukuza vijana 250 Nigeria na Uganda, na wengine 170 Kenya wakaambiwa wako hatarini. Hawakuwa wameiba, hawakuwa wavivu. Mukubwa wa sosiete alieleza kwamba wateja sasa wanataka wenye uzoefu, hawataki wanafunzi. Kisha, mwaka 2021, Andela ikapata dola zingine milioni 200, na wenye mitaji wakasema bei yake imefika dola miliari moja na nusu. Sosiete ilikua kweli. Wale waliofukuzwa hawakukua nayo.

Tuliposoma hayo, muzee mumoja kati yetu akanyamaza kidogo, kisha akasema: « Lakini hii ni SOMINKI! »

Na kweli, ukitoa kompyuta ukaweka koleo, habari ni moja. Vijana wengi wa leo hawajui, basi tuwaeleze. SYMETAIN ilianza mu 1932, ikachimba Kalima na Punia. Muchimbaji wa SYMETAIN alikuwa na nyumba mu kambi, posho kila juma, hospitali, shule ya watoto. Babu zetu walijivuna: mutu wa sosiete alipata bibi kwa urahisi. (Hata leo mama mukwe wa mumoja wetu anasema binti yake angeolewa na mutu wa sosiete, si wa sendika.) Mu 1976 masosiete yakaunganishwa, ikawa SOMINKI. Mu 1985 bei ya étain ikaanguka kwenye soko la dunia, kule Ulaya, mahali hakuna hata mumoja wetu aliyewahi kukanyaga. Kazi ikapungua, watu wakarudishwa nyumbani, na mu miaka ya 1990 SOMINKI ikafa. Posho, hospitali na shule vilikuwa zawadi ya sosiete. Siku sosiete ilipokwenda, vilikwenda nayo. Wazee walibaki na karatasi za kudai pesa za mwisho wa kazi, na wengine wamezikwa nazo.

Kwa hiyo tukisikia kwamba mahali fulani wanapewa chakula cha saa sita na kompyuta ya bure, tunafurahi nao. Tena tunauliza: kontra inasema nini siku bei ikianguka?

Sasa tuje kwenye upande mwingine wa kazi ile, upande ambao yule kijana wetu hakuusikia. Si wote wanaotumika mu sosiete za kompyuta wanaandika programu. Wengi wanakaa mbele ya kioo wanapanga na kusafisha. Sosiete moja inayojulikana kwa hiyo ni Sama. Ilianzishwa mu 2008 na mama mumoja Mumarekani, Leila Janah, ambaye amekwisha kufa, mu 2020. Nia yake ilikuwa nzuri: kuwapa masikini kazi badala ya kuwapa musaada. Iko na biro San Francisco, Nairobi na hata Gulu, kaskazini ya Uganda. Kuanzia 2019, kule Nairobi, watu wake walikuwa wanaangalia yale watu wa Afrika wanaweka kwenye Facebook, ili waondoe mabaya.

Mabaya gani? Mauaji, watu kuchinjwa, watoto kutendewa vibaya, wanawake kunajisiwa. Mufanyakazi anaangalia, anaamua kwa muda usiofika dakika moja, anafungua ingine. Saa nane kwa siku. Na mashini inahesabu mbio yake. Sisi wa Maniema tuliopita mu vita tunajua picha kama hizo. Lakini tuliziona mara moja, tukakimbia. Wao walilipwa ili wasikimbie.

Hata hapo, wengi walisema kuna walichokipenda. Mushahara uliingia mwisho wa mwezi, tena wengine walikuwa wametoka Etiopia, Uganda, Afrika Kusini, na ile ilikuwa kazi yao ya kwanza ya maana. Walijua pia kwamba kazi yao inawalinda watu: picha mbaya wakiiona wao, mutoto wa mwenzao haioni. Hatucheki na hilo. Muchimbaji naye anajivunia kilo yake.

Walichokilalamikia ni hiki. Kwanza pesa. Mu 2022 gazeti Time la Marekani liliandika kwamba wengine walikuwa wanapata dola 1,50 kwa saa. Mwaka uliofuata gazeti lile lile likaonyesha kazi ingine ya Sama, ya kusoma maandiko mabaya ili ChatGPT, ile mashini ya kujibu maswali, ifundishwe kuyakataa. Mwenye mashini, OpenAI, alikubali kulipa Sama dola 12,50 kwa saa. Aliyekaa mbele ya kioo alipeleka nyumbani kati ya dola 1,32 na dola 2. Sosiete ilijibu kwamba ile bei ya juu ilibeba pia nyumba, mashini na wakubwa wa kazi. Tumekwisha kulisikia jibu hilo; ni jibu la kila mutu anayesimama kati ya shimo na comptoir.

Pili, siri. Waliwekesha sahihi kwamba hawataongea, hata na watu wa nyumbani, juu ya wanachokiona. Tatu, kichwa. Mu Desemba 2024, ripoti za daktari mumoja wa hospitali kuu ya Kenyatta zilipelekwa mahakamani: zaidi ya watu 140 kati ya wale aliowapima walikuwa na ugonjwa wa kichwa unaotokana na kuona mambo ya kutisha. Hawalali, wanashtuka, wengine nyumba zao zimevunjika. Yule kijana wetu alisema hakuna mwenye kufa. Ni kweli kwamba hakuna udongo unaoanguka kule.

Aliyeanza kusimama alikuwa Daniel Motaung, Mwafrika Kusini. Mu 2019 alikusanya wenzake wadai mushahara na matunzo, akafukuzwa. Mu Mei 2022 akashitaki Sama pamoja na Meta, wenye Facebook. Januari 2023 Sama ikatangaza kwamba inaacha kazi ile, na watu karibu 260 wakaambiwa waende. Watu 184 wakaenda mahakamani. Na tarehe 1 Mei 2023, siku yetu wote, wafanyakazi zaidi ya 150 wa Facebook, TikTok na ChatGPT walikusanyika Nairobi, wakapiga kura ya kuanzisha sendika yao. Kijana, njo hii ya nini.

Hapa tutakaa kidogo, juu hapa kuna jambo linalotugusa sana: nani ni mukubwa wa kazi? Meta ilisema: hawa si watu wangu, ni watu wa Sama. Juni 2023 hakimu wa mahakama ya kazi ya Nairobi akakataa. Akasema, kwa wakati ule kesi inaendelea, kwamba Meta ndiye mwenye kazi hasa: kazi ni yake, kanuni ni zake, na mahali pa kutumikia, yaani ile mashini wanayofungua asubuhi, ni yake, Sama ni kama musimamizi tu. Meta ikapeleka shauri juu, na mu Septemba 2024 mahakama ya rufani ikasema Meta inaweza kushitakiwa Kenya.

Sasa tujiulize hapa Punia. Toka sheria ya madini ilipobadilishwa mu 2018, muchimbaji lazima awe ndani ya koperative. Ukiangukiwa, koperative inasema wewe si mufanyakazi wake, ni memba. Mwenye shimo anasema anakupa mbao na chakula tu, kilo munagawana. Négociant anasema ananunua tu. Comptoir anasema hajui jina lako, anajua namba ya etiketi kwenye mufuko. Kila mumoja anakuonyesha mwenzake, na mwisho ni siye tunaokaa kwenye baraza kuhesabu mchango. Hakimu wa Nairobi aliuliza maswali rahisi: kazi ni ya nani, chombo ni cha nani, nani anatoa kanuni. Tumeanza kuyauliza hivyo hivyo mu mikutano yetu, na tunaona kuna watu hawapendi.

Kuna wengine wasio na mukubwa kabisa. Hao wanatumikia nyumbani kwenye simu au kompyuta yao, wanalipwa kwa kila kipande cha kazi. Kenya wengi walikuwa wa Remotasks. Walichopenda ni uhuru: unafungua ukitaka, unaacha ukitaka, hakuna wa kukupigia kelele. Muchimbaji anaelewa utamu huo. Mu Machi 2024 Remotasks ikafunga Kenya kwa ujumbe mufupi kwenye intaneti, na asubuhi watu hawakuweza kuingia tena. Sisi tulikumbuka ununuzi fulani ambapo mufuko wetu wa kilo hamsini ulifika kwenye mizani ya mununuzi, ikatolewa maji, ikatolewa chuma, tukabaki na thelathini na kitu. Kwa mizani ile angalau tulimuona aliyeisoma.

Kijana wetu amekwisha kuondoka na moto kwenda Kindu, anajifunza kompyuta. Hatukumukataza. Baba yake ndiye aliyeuza kilo za nauli. Juma lililopita alitutumia kwenye WhatsApp picha za kontra ya kwanza, kurasa tatu, ya kuingiza majina ya watu mu mashini. Tuliisoma watu wanne, mumoja ameshika torshi juu ya moto wa umeme kukatika. Mushahara umeandikwa. Muda ni miezi mitatu. Mahali pa jina la mwenye kulipa wameandika « mandant », bila jina. Tulimuandikia arudi kesho yake aulize huyo mandant ni nani, kabla ya kuweka sahihi.

Amejibu kwamba ataenda siku ya tatu, biro ikifunguliwa.