Caesar: mtu wa njaa aliyevushwa bahari

Hapa kwetu Kasenga mtu akikamatwa na mali ya mwenzake tunajua mambo yanavyokwenda: kelele za "mwizi!", fimbo, mawe, kisha buloko, kama amebahatika kufika huko mzima. Waingereza wa zamani walikuwa na dawa nyingine. Walimpakia mwizi katika meli na kumtupa ng'ambo ya dunia. Kati ya mwaka 1788 na 1868 walipeleka hivyo Australia watu karibu 162.000, na wengi wao walikuwa wameiba tu. Katika kundi la kwanza kabisa alikuwamo mtu mweusi, jina lake John Caesar. Husemekana alizaliwa Madagaska.

Kosa moja, miaka saba

Caesar alikuwa mtumishi huko Deptford, karibu na London. Mwezi wa Machi 1786 alihukumiwa kwa kuiba pauni 12 na shilingi 4. Adhabu: miaka 7 ng'ambo. Aliingizwa katika meli Alexander, moja ya meli 11 zilizoondoka Uingereza Mei 1787. Safari ilichukua miezi minane. Sisi tukivuka ziwa kwenda Kalemie tunalalamika. Hebu fikiri miezi minane chini ya sakafu ya meli!

Posho haikumtosha

Januari 1788 wakafika. Hakukuwa na shamba wala ghala la kutosha. Kila mwanamume alipewa posho ileile, awe mkubwa, awe mdogo. Caesar alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Afisa David Collins aliandika kwamba hakuna mfungwa aliyefanya kazi kwa bidii kumshinda, lakini posho ya siku mbili aliweza kuimaliza kwa siku moja. Basi akaiba chakula. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Na si yeye peke yake: Machi 1789 askari 6 walinyongwa kwa kuiba katika ghala.

Aprili 1789 Caesar alihukumiwa tena, safari hii maisha yake yote. Akakimbilia porini na bunduki. Alipokamatwa alisema haogopi kunyongwa, na kwamba angemfanyia mnyongaji mzaha ili watu wacheke.

Gavana Arthur Phillip hakumnyonga. Alimpeleka kwenye kisiwa kidogo chenye bustani, akafanye kazi na minyororo miguuni, na akaruhusiwa kula mboga juu ya posho yake. Kumbe mtu akatulia! Lakini minyororo ilipofunguliwa, aliiba mtumbwi, akatoroka. Wenyeji wa nchi wakamchoma mikuki, akarudi mwenyewe na vidonda. Gavana akamsamehe tena.

Mwaka 1790 akapelekwa kisiwa cha Norfolk. Huko alipata binti, Mary-Ann, mwaka 1792. Mwaka uliofuata alirudishwa Sydney, mtoto akabaki.

Galoni tano

Njaa ikaanza upya, na kutoroka kukaanza upya. Desemba 1795 aliingia porini mara ya mwisho, na watoro wengine wakamfuata. Januari 1796 gavana mpya, John Hunter, alitangaza zawadi: galoni 5 za pombe kali kwa atakayemleta Caesar na bunduki yake. Tarehe 15 Februari mtu aitwaye Wimbow alimpiga risasi, akafa. Ndiyo thamani aliyopewa: madumu ya pombe.

Tena Collins yuleyule aliyemsifia kazi aliandika kuwa marehemu alizidi mnyama kidogo tu.

Vijana wetu wa machimboni, sikieni. Wizi ni wizi, na siku za mwizi ni arobaini. Mwenye kuibiwa naye ana watoto wanaosubiri bugali. Lakini wakubwa nao wasikie: mtu anayechimba tangu asubuhi kwa posho isiyomshibisha anasukumwa kwenye shimo. Minyororo na mikuki havikumtuliza Caesar kama mboga za ile bustani.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Gavana Phillip alifanya vizuri kumsamehe mara mbili?
2. Mwizi akikamatwa mtaani kwetu, nani atamwokoa na mawe, na tutamfanyia nini baadaye?
3. Mfanyakazi wako anashiba?