Chumo la Halali kwa Aliyestaafu Mapema

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, khutba yetu ya leo inawahusu wale walioacha kazi ya mshahara kabla ya wakati wa lazima, pamoja na watu wa nyumbani mwao. Katika Tanzania mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na walio wengi hulazimika kustaafu watimizapo 60. Basi hapa Nyamisangura, na katika mji wa Tarime kwa jumla, mwalimu au mwuguzi aliyeondoka akiwa na miaka 55 bado ana nguvu za kushika jembe, na pengine bado ana mtoto shuleni. Lakini miaka mitano aliyoiacha ni miezi 60 isiyohesabiwa katika pensheni yake, kwa hiyo fungu lake la kila mwezi ni dogo kuliko la mwenziwe aliyengoja.

Tena lipo jambo la mkupuo. Tangu Julai 2022 kikokotoo kilitoa asilimia 33 ya mafao kwa mara moja, na yaliyobaki kulipwa mwezi kwa mwezi. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilitangaza kuiongeza sehemu hiyo: asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Wako walioifanyia hesabu fedha hii miaka kumi kabla ya kuipata, na ilipofika ikawa chini ya walivyotazamia. Huyo ndiye anayehitaji kichumo kidogo cha kuongezea, na wala si aibu kwake. Saidina Abubakar (R.A.), alipokwisha kuchaguliwa kuwa Khalifa, alionekana akielekea sokoni na nguo zake za biashara, mpaka Sahaba wakamwekea posho katika Baitul-Mal ili apate wasaa wa kuwatumikia watu. Mzee wetu akionekana akiuza mayai asidhaniwe kuwa ameshuka daraja.

Natutazame namna ya kuanza. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alihamia Madina hana kitu. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, akamwahidi nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaanza na samli na maziwa yaliyokaushwa, vitu ambavyo kila nyumba huvila, akapata faida kidogo kidogo. Yeye alianza kwa kidogo kwa kuwa hakuwa na kingi. Mstaafu na aanze kwa kidogo ingawa anacho kingi, kwa sababu fedha ile haitarudi tena mara ya pili.

Tuchukue mfano wa kuku wa mayai, maana ndio wanaozungumzwa zaidi barazani. Kuku huyu huanza kutaga afikapo kiasi cha wiki 18 hadi 20. Mpaka hapo amekwisha kula karibu kilo 7 za chakula, naye hajatoa yai hata moja. Kuku 100 ni kilo 700, mbali na banda, dawa na chanjo ya kideri. Wakishaanza kutaga hula kama kilo 12 kwa siku, soko liwe zuri au baya. Aliyeitia fedha yote katika kununua vifaranga, asibakishe ya chakula, atawauza kabla hawajataga. Heri aanze na 50 na abakishe akiba. Ardhi yetu ya Tarime, yenye mvua za vuli na masika, yafaa pia kwa migomba, mahindi na kahawa, lakini mche wa kahawa huhitaji kama miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Asiutegemee kwa karo ya Januari. Hata hivyo aupande. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye mche mkononi, hata Kiyama kikisimama, akiweza na aupande, na kwamba anachokula ndege au mtu katika mti wa Mwislamu huandikwa kuwa sadaka yake.

Na asiye na nguvu afanyeje? Katika Sura ya Al-Qasas tunasimuliwa habari za mzee wa Madyan, ambaye wengi husema ni Nabii Shuaybu ingawa Qur'ani haikumtaja jina. Alikuwa mkongwe, mabinti zake wakichunga. Akamwajiri Nabii Musa (A.S.) kwa muda uliotajwa wazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake. Hapa pana funzo kwa mzee mwenye mtaji na kijana mwenye mikono. Wakitaka kushirikiana kwa mudharaba, wagawane faida kwa mafungu, kama nusu kwa nusu. Mwenye mali asiseme, "Nipe elfu hamsini kila mwezi, upate usipate," maana hilo limeharibu mapatano. Hasara isiyotokana na uzembe ni ya mwenye mali, naye kijana amepoteza jasho lake. Waandike na washuhudishe, hata akiwa mtoto wa ndugu. Hasa akiwa mtoto wa ndugu.

Yapo machumo matatu yanayomfuata mstaafu mpaka mlangoni. La kwanza ni kukopesha kwa riba: kushika kadi ya benki ya mwalimu mwenzako na kumtoza nyongeza kila mwisho wa mwezi. Watu wameiita mikopo hiyo kausha damu, na jina limesadifu. Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake. La pili ni upatu wa kupanda fedha na kuvuna maradufu. DECI ilivutia watu wengi nchini kwa maneno hayo hayo ya mbegu na mavuno, mpaka ikafungwa mwaka 2009. Waliovuna walilipwa kwa fedha za waliopanda nyuma yao. La tatu ni magendo ya mpaka wa Sirari, na bangi, ambayo haihitaji maelezo.

Yabaki ya zaka. Mkupuo ukifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ukakaa mwaka mzima wa Kiislamu haujapungua kiwango hicho, hutolewa asilimia 2.5. Kuku wa mayai wenyewe hawana zaka, ila fedha ya mayai iliyohifadhiwa. Kuku walionunuliwa ili wauzwe ni bidhaa, huthaminiwa mwaka ukitimia. Mahindi yakifikia wasaki tano, yaani kiasi cha kilo 653, hutolewa sehemu ya kumi yakiwa ni ya mvua, na nusu yake yakimwagiliwa kwa gharama. Kahawa na ndizi, katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, hazina zaka ya mazao. Zikiuzwa, fedha yake huingia katika hesabu ya fedha nyingine.