Puli Ndogo Inayoweza Kulaza Gari Porini

Juma hili naomba tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila tufunguapo boneti, lakini hatukijulii hali: puli za mkanda wa injini.

Kisimani kitu cha namna hii huitwa kapi. Gerejini mafundi wamezoea kusema puli. Ile kubwa ya chini, kwenye ncha ya krenki, ndiyo inayovuta mkanda. Mkanda nao huzungusha pampu ya maji, feni na altaneta, na katika magari mengine pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Zipo pia puli zisizoendesha chochote: moja huelekeza mkanda, nyingine huukaza. Hizi hufa mapema, maana ni ndogo, beringi zake ni ndogo, na huzunguka kwa kasi kuliko krenki yenyewe.

Kwetu Dodoma jambo hili si la kupuuza. Barabara kuu za Morogoro, Singida, Iringa na Babati zina lami, lakini ukichepuka kuelekea vijiji vya Chamwino, Bahi au Mpwapwa, unaogelea katika vumbi. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Vumbi laini likipenya ndani ya beringi na kuchanganyika na grisi, huwa msasa.

Sasa fikiria Land Cruiser ya zahanati inamleta mama mjamzito usiku. Beringi inakwama, mkanda unakatika. Taa ya betri inawaka, pampu ya maji inasimama, mshale wa joto unapanda. Dereva akisema "nifike kijiji kinachofuata", anaunguza gasketi ya silinda hedi, na mgonjwa bado yuko nyuma. Ukiona dalili hizo, simama, zima injini, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Ukaguzi huanza kwa masikio. Mlio mwembamba wa kupiga kelele ni wa mkanda unaoteleza. Mngurumo wa kusaga ni wa beringi. Kisha zima injini, iache ipoe, weka ufunguo mfukoni na uchomoe waya hasi wa betri. Chukua tochi. Unga mweusi wa mpira, mkanda uliochanika ukingoni, au grisi iliyotapakaa kandokando ya puli, vyote ni ushahidi. Ikiwa mkanda ni wa umbo la V na chini ya mfereji wa puli panang'aa, mkanda umelika na unakalia chini badala ya kubana pembeni.

Halafu toa mkanda, ukiwa umechora kwanza njia yake kwenye karatasi. Zungusha kila puli kwa mkono. Nzima huzunguka kimya, kwa uzito kidogo wa grisi. Ikikwaruza, ikicheza ukiitikisa, au ikizunguka muda mrefu kama gurudumu la baiskeli, imekwisha. Tazama pia puli ya krenki: nyingi zina tabaka la mpira katikati, na mpira huo ukipasuka puli huyumba. Mwisho, weka rula ndefu kwenye nyuso za puli uone kama zimenyooka katika mstari mmoja.

Kubadilisha si kazi ya nyundo. Linganisha mpya na kuukuu: kipenyo, mifereji, na kina cha kukaa kwake. Kuna puli ambazo hukubali kutolewa beringi peke yake. Soma namba yake. Kwa mfano 6203 ina tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha milimita 40. Kwa vumbi letu chagua iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili, ambayo mara nyingi huandikwa 2RS. Kabla ya kulazimisha bolti, hakikisha inafunguka upande gani, kwani baadhi hufunguka kinyume.

Injini ya 1HZ ya Land Cruiser hukaza mikanda yake kwa kusogeza altaneta; Land Rover Defender ya 300Tdi ina puli yenye springi inayokaza yenyewe. Kwa ile ya kukaza kwa mkono, kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Mkanda uliolegea huteleza, na uliokazwa kupita kiasi huua beringi za pampu ya maji na altaneta. Zungusha injini kwa spana kabla ya kuiwasha, na ukague tena baada ya siku chache. Wale wanaopaka sabuni ili mlio ukome wanamnyamazisha shahidi tu; mwizi bado yumo ndani.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa ofisi. Dereva akileta ombi la beringi, msilirushe kutoka meza hadi meza kwa sababu gari "bado linatembea". Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni injini nzima, pengine na roho ya mtu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.