Kijana Anapokesha na Karata za Simu

Leo tutazungumza juu ya kamari inayochezwa kwa simu, na zaidi mchezo wa karata uitwao poka.

Pengine utauliza: kamari na afya vina uhusiano gani? Si jambo la masheikh na mapadri hilo? Ni kweli dini zimelisemea. Waislamu wanajua kwamba Sura ya Al-Maida inaitaja kamari pamoja na ulevi. Lakini hata Shirika la Afya Duniani limevikutanisha viwili hivyo. Katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, kushindwa kujizuia na kamari kumewekwa katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kwa hivyo mtu aliyefika hapo ni mgonjwa, na mgonjwa hutafutiwa tiba.

KARATA ZA BARAZANI NA KARATA ZA SIMU

Karata si ngeni kwetu Mombasa. Kopa, uru, pao na shupaza tumezijua tangu utotoni. Hapa Mji wa Kale, katika baraza za Kibokoni na Kuze, watu hucheza karata, dhumna na bao huku wakinywa kahawa chungu. Mchezo huo una mwisho wake. Adhana inasomwa, mwenzako anaaga, usingizi unakuja, karata zinakusanywa.

Karata za simu hazikusanywi. Saa tisa usiku meza iko wazi na wachezaji wapo, kwa sababu wanatoka nchi mbalimbali. Pesa nazo haziendewi mbali. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 iliturahisishia kulipa karo na kutumiana matumizi. Njia hiyo hiyo leo inampeleka kijana kwenye kamari bila kutoka kitandani.

Poka huchezwa hivi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Karata nyingine tano hufunuliwa katikati ya meza kwa wote. Kila zinapofunuliwa, wachezaji huweka dau, na madau yote huingia katika chungu kimoja. Mwenye mpangilio bora wa karata tano, au aliyewatisha wenzake wote wakajitoa, ndiye anayechukua chungu.

Kijana wako atakwambia: "Mama, hii si bahati nasibu, ni akili." Usimkatize, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Poka inahitaji ujuzi. Nusu ya pili ndiyo haambiwi. Kwanza, mwenye meza hukata sehemu yake katika vyungu vingi, au hutoza ada ya kuingia mashindanoni. Kwa hivyo, wachezaji wote wakijumlishwa, pesa wanazotoka nazo ni chache kuliko walizoingia nazo. Pili, ujuzi huonekana baada ya maelfu ya michezo. Kwa usiku mmoja, bahati ndiyo inayotawala. Tatu, anayekaa upande wa pili huenda akawa mtu anayecheza kila siku kama kazi, tena meza kadhaa kwa pamoja. Mwanao anacheza kujiburudisha, akiwa amechoka na kazi za wiki nzima.

Tena kuna mwendo wa mchezo. Mezani, kwa karata za mkono, watu hucheza kama michezo 30 kwa saa. Kwa simu hufika 60 na kuzidi. Hasara ya usiku mzima inaweza kuingia katika saa mbili.

Wengi hawaishii kwenye poka. Wakichoka kungoja karata huhamia michezo ya haraka, kama ule wa ndege uitwao Aviator. Mchezo huo hutangazwa kwamba hurudisha kwa wastani shilingi 97 katika kila 100 zinazowekwa. Shilingi 3 unaona ni kidogo. Lakini kila duru huchukua sekunde chache tu, na kinachorudi huwekwa tena. Ukizungusha pesa zako zote mara 23, kwa wastani inabaki nusu tu. Mara 23 ni kazi ya muda mfupi.

KUANZIA IJUMAA HADI JUMATATU

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili tuelewane. Kijana ana kazi ya ukarani mjini na amelipwa Ijumaa. Baada ya Isha anaingia mchezoni na shilingi 500. Kufika saa sita usiku ana 1,800. Analala kwa furaha, na asubuhi ananunua mahamri na mbaazi ya nyumba nzima.

Jumamosi anarudi. Zile 1,800 zinakwisha kabla ya alasiri. Anaongeza 1,000, kisha 2,000, akisema moyoni kwamba akirudisha tu zile zake ataacha. Jumapili ndiyo siku ya mashindano makubwa ya poka ya mtandaoni. Hupangwa kwa jioni ya Ulaya, na kwetu sisi huingia hadi usiku wa manane. Anakesha. Pesa zikikwisha anageukia mkopo wa simu, kama Fuliza iliyoanza mwaka 2019. Jumatatu anakwenda kazini macho mekundu, kodi ya nyumba haipo, na mkopo unamngoja. Mshahara ujao ukiingia, mkopo unakatwa kwanza.

Tazama vizuri, mama. Zile 500 za Ijumaa hazikumwangusha. Kilichomwangusha ni kukimbiza hasara, yaani kucheza zaidi ili kurudisha kilichopotea. Hapo ndipo burudani inapogeuka kuwa maradhi.

KWA NINI HAACHI?

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, inayotusukuma kurudia jambo lililotufurahisha. Kemikali hii husisimka zaidi pale malipo yanapokuwa hayatabiriki. Fikiria mtu anayevua kwa mshipi. Kama samaki angekula chambo kila mara, angevua wa kutosha akaenda zake. Kama hali kabisa, angekata tamaa. Lakini akila mara moja moja, bila kujua lini, mvuvi hukaa hadi giza. Kamari imejengwa hivyo hivyo.

Jambo la pili ni kukosa kidogo. Karata moja tu ingekuja tofauti, angeshinda. Ubongo huona kama amekaribia, kumbe mchezo unaofuata haujui uliopita. Jambo la tatu ni usingizi. Mtu aliyekesha hupima hatari vibaya. Saa tisa usiku huamua mambo ambayo saa tatu asubuhi asingeyakubali.

DALILI ZA KUANGALIA

Kubeti mara moja hakumaanishi ugonjwa. Lakini kuwa macho ukiona haya kwa pamoja:

- Anakesha na simu, hasa Ijumaa hadi Jumapili, na kuificha ukikaribia.
- Anaongeza dau kila mara ili apate msisimko ule ule.
- Amejaribu kuacha akashindwa, au huwa mkali asipocheza.
- Anadanganya juu ya pesa, anakopa kwa siri, au vitu vya nyumbani vinapotea.
- Ameacha kula vizuri, hachangamki, au anaepuka maskani na marafiki.

LA KUFANYA NYUMBANI

Chagua wakati wa utulivu, mchana, mkiwa wawili. Usianze siku ya kupoteza wala mbele ya watu. Zungumza kwa namna hii:

"Mwanangu, naona hulali. Sikuiti kukugombeza. Zimepotea ngapi?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo ni ngapi? Niambie nijue, tupange pamoja."

Ukisikia kiasi, usipige kelele. Akiogopa kelele, safari ijayo ataficha. Mwombe mkae pamoja mtazame taarifa ya M-Pesa, ambayo hupatikana kwa kupiga *334#. Mara nyingi mchezaji mwenyewe hajawahi kujumlisha, kwa sababu anakumbuka alizoshinda na kusahau alizopoteza.

Usiuze dhahabu yako wala kuchukua pesa za chama ili umlipie deni lote kimya kimya. Mama wengi hufanya hivyo kwa huruma. Deni likitoweka ghafla, mchezaji huona njia iko wazi tena. Ni bora kumsaidia kupanga malipo kidogo kidogo, na kama kuna la dharura, lipa moja kwa moja kwa anayedai, si mkononi mwake.

Linda pesa za nyumba. Kodi, karo na chakula vitolewe siku ya mshahara, kabla wikendi haijaanza. Akikubali, mtu anayemwamini amshikie zilizobaki. Aiombe kampuni imfungie akaunti, na afute programu hizo kwenye simu. Simu zilale sebuleni kuanzia saa nne usiku, yako pia. Wikendi asiachwe na nafasi tupu: mpira, kuogelea, kumsaidia mjomba dukani, chochote chenye watu.

Na kwa wadogo: Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyotiwa saini Agosti 2025, inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18. Usimwachie mtoto namba yako ya siri ya M-Pesa, na usikubali laini au kitambulisho chako kitumiwe kufungulia akaunti ya kubeti.

WAPI PA KUPATA MSAADA

Tiba kubwa ni ushauri nasaha, ambapo mgonjwa hufundishwa kutambua kinachomwamsha hamu, kupinga mawazo ya uongo kama "zamu yangu imekaribia", na kuvuka saa ya hamu bila kucheza. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali Kuu ya Pwani, uombe kuonana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe nayo imehudumia wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Sheikh, padri au mzee mnayemheshimu anaweza kusaidia sana, lakini asichukue nafasi ya daktari.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Deni na aibu humfikisha mtu mahali pa kutaka kujiua. Kijana akisema "afadhali nisingekuwepo", au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu karibu naye, kisha mpeleke hospitali. Unaweza pia kupiga 1199, namba isiyo na malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya. Kwa mtoto, piga 116. Na msiogope polisi mkaficha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

KUMBUKA

Shilingi iliyopotea kwenye kamari imekwenda. Kuikimbiza ndiko kunakoleta maradhi. Mfundishe mwanao neno hili mapema, kabla ya Ijumaa: "Zimekwenda, nalala." Akiweza kulisema na kulitenda, amepona nusu. Akishindwa, usingoje mshahara mwingine uishe, mpeleke akaonane na mshauri.

Mazungumzo yetu yanaishia hapa. Mwambie na jirani yako uliyoyasikia, kwani huenda naye ana kijana asiyelala. Kwa herini, na Mungu awalindie watoto wenu.